Wachungaji wawili, sharika mbili, nyumba moja

Barua ya kupangiwa kituo huwa fupi. Ina jina la usharika, jina la jimbo, tarehe ya kuripoti na mstari wa kukutakia baraka za Mungu. Haisemi kama nyumba ya mchungaji ina dari, maji yanatoka wapi, aliyekutangulia aliondoka kwa amani au kwa kelele, wala kama wazee wa kanisa waliambiwa kwamba anayekuja ni mwanamke. Mimi na mume wangu tulipewa barua zetu siku moja kwa sababu tulibarikiwa kuwa wachungaji katika ibada moja: yeye usharika wake, mimi wa kwangu, zote mbili katika jimbo moja la Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kwenye milima ya mashariki mwa Njombe, kule kwenye chai na misindano.

Tangu hapo, kila ibada ya kubarikiwa inapokaribia, simu zinaanza. Ni wadogo zetu wa vyuoni, wengine wa Makumira tulikosoma sisi, na maswali yao hayatofautiani sana. Nimeona niyaandike majibu mahali pamoja, na niongeze yale ambayo mtu akiongea kwa simu huyameza.

Usharika unakupokea siku ileile unayofika. Kijiji kinakupokea kikishakuona. Wengi ninaowajua waliovunjika moyo mwaka wa kwanza walidhani mapokezi hayo mawili ni kitu kimoja. Kanisani una barua ya askofu, una kola shingoni, mkuu wa jimbo anakuingiza kazini mbele ya watu, kwaya zinashindana kuimba, unavishwa kitenge na kupewa mbuzi. Hakuna anayenung'unika siku hiyo. Jumatatu asubuhi unafungua mlango, ukungu umefunika hadi uani, hakuna mtu. Wamekwenda shamba. Kijiji kimeanza kukuangalia.

Nianze na nyumba. Nenda ukaione kabla hujapakia mzigo, hata kama nauli inauma. Sisi tulikwenda, tukakuta ya usharika wa mume wangu ni nzima, bati jipya, ina tenki la maji ya mvua. Ya kwangu ilikuwa imekaa bila mtu muda mrefu. Dari la chumba kimoja limeanguka, jikoni wamehamia panya, choo kimetitia. Tukaona jibu ni rahisi: tuishi kwake, mimi niwe naenda kazini kwa pikipiki. Barabara ikiwa kavu si mbali.

Kwetu ulikuwa uamuzi wa mke na mume. Kwa wazee wangu ilikuwa aibu. Matofali ya nyumba ile waliyafyatua wenyewe, akina mama wakasomba maji na mchanga kichwani, na sasa mchungaji wao analala kwa watu. Hakuna aliyeniambia usoni. Nilichoona ni jumuiya za nyumba kwa nyumba kuahirishwa ovyo, na nikiuliza naambiwa mvua. Aliyenifungulia ni mhazini, mama mtu mzima, ambaye jioni moja alinikuta navaa kofia ngumu niondoke akauliza, "Mchungaji, mtu akifa usiku huku, tunakuita kutoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Mkuu wa jimbo alikuja, akakaa na mabaraza yote mawili chini ya paa moja, na hapo ndipo tulipopata mpango tunaoufuata mpaka sasa: Alhamisi hadi Jumapili jioni mimi nalala kwangu, siku nyingine kwa mume wangu. Usharika wangu ulitengeneza dari na kuchimba choo kwa nguvu zao, bila kuomba senti nje. Sisi gharama yetu ni kuendesha majiko mawili, magodoro ya kununua mara mbili, na mtoto anayehamishwa na begi lake kila wiki pamoja na dada anayetusaidia kumlea. Si maisha rahisi, sitawadanganya. Wenzetu mlio mke na mume wachungaji, mkipangiwa sharika jirani, ombeni suala la makazi limalizwe kwenye kikao cha pamoja kabla hamjahama, na liandikwe kwenye muhtasari.

Kuhusu baridi nitasema kidogo. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai kuna asubuhi unakuta umande umeganda kwenye majani. Ukitokea Dar au Tanga, njoo na blanketi nzito na sweta linaloingia ndani ya kanzu. Ukiwasha jiko la mkaa kujipasha moto, litoe nje kabla hujalala, kila siku, hata ukiwa umechoka namna gani. Hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa imeua watu wa nyanda hizi waliokuwa wazima kabisa jioni yake.

Siku ya makabidhiano watu wote wana haraka ya kula. Usikubali kuharakishwa. Kaa na mtangulizi wako, katibu, mhazini na mtu wa ofisi ya jimbo, mpitie daftari moja moja: ubatizo, kipaimara, ndoa, maziko, leja ya sadaka, vyombo vya Meza ya Bwana, vitabu vya stakabadhi, madeni. Halafu ombeni kuonyeshwa ardhi, kwa miguu. Hili la ardhi zamani lingeweza kusubiri. Viwanja vingi vya kanisa huku vina historia ndefu, vingine vinarudi hadi wakati wa wamisionari wa Berlin, walioanza kuingia nyanda za juu kusini mwaka 1891. Mzee alinyoosha fimbo akasema kuanzia mti ule hadi mto ule, basi. Mti umeshakatwa, mto umehama. Na sasa kuna parachichi. Eneo ambalo miaka ishirini iliyopita lilikuwa la kuchungia mbuzi leo lina miche ya Hass, na kila hatua moja ya mpaka ina bei.

Mimi nilizunguka mipaka na wazee wawili waliokumbuka, mwenyekiti wa kitongoji na majirani wote tuliopakana nao. Tukaandika, kila mmoja akatia sahihi au dole gumba. Haukupita mwaka, jirani mmoja akapanda miche ndani ya shamba la kanisa. Hatukwenda barazani wala polisi. Nilimpelekea ile karatasi yenye dole gumba lake, tukanywa chai, akahamisha miche yake mvua zilipokuja. Kumbe hata yeye alihitaji kitu cha kuwaonyesha wanawe.

Mtangulizi wako, hata kama aliacha deni, usimseme. Wa mume wangu alistaafu akajenga palepale kijijini, na watu wakaendelea kumpelekea watoto awaombee. Mume wangu alikwenda kumsalimia kabla hajafungua hata masanduku yetu, na mwaka huo akamwomba ahubiri Sikukuu ya Mavuno. Mzee alihubiri muda mrefu kuliko ilivyopangwa, mnada wa kuku na viazi ukaanza jua likiwa limeshapoa, na tangu siku hiyo akitembelewa na mtu mwenye shida ndiye humwambia, "Mpelekee mchungaji wako." Kabla ya wiki ya kwanza kwisha msalimieni pia mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, mwalimu mkuu, muuguzi wa zahanati, katekista wa Wakatoliki na wachungaji wa makanisa mengine. Mtakutana nao wote kwenye msiba wa kwanza, ni vizuri mkifahamiana kabla.

Mtu anayeujua usharika kuliko daftari za sadaka zinavyoonyesha ni mwinjilisti. Mpangilio wetu mnaujua: usharika una mitaa, kila mtaa una mwinjilisti anayeongoza ibada za kila Jumapili, ila ubatizo na Meza ya Bwana husubiri mchungaji. Maana yake ni kwamba mtaa wa mbali unakuona mara chache, na siku nyingine zote ni yeye. Ndiye anayejua nani hasalimiani na nani, nani ana mgonjwa ndani ambaye hatajwi, na ndoa ipi ilifungwa kanisani baada ya familia kulipana kwanza nje. Posho yake ni ndogo, mara nyingine ni gunia la mahindi. Halafu unakuja wewe na shahada yako, una umri wa binti yake wa tatu, na anatakiwa akuite Mchungaji. Na anakuita, kwa heshima zote.

Nilichofanya, na sijutii, ni kwenda kukaa nyumbani kwa kila mmoja wao bila ajenda. Nikala walichopika. Nikawaita baba, kwa sababu ni baba zangu. Kikaoni nawapa nafasi ya kusema kwanza. Nikiwa na neno la kurekebisha mahubiri nalisema tukiwa wawili, siku nyingine, si ileile. Mmoja wao hunisaidia jambo ambalo hakuna chuo kingenipa. Mimi nimelelewa Mbeya mjini, nyumbani tukizungumza Kinyakyusa, na huku wazee wakifika kwenye kiini cha jambo huhamia Kibena. Nilianza na kamwene ya salamu nikaishia hapo kwa muda mrefu. Basi baba huyu hukaa pembeni yangu akininong'oneza maneno mawili matatu: "Wanasema la shamba." "Huyo amemtukana, lakini taratibu."

Msidhani kujua lugha kunamaliza kazi. Mume wangu ni Mbena wa upande wa Makambako, alifika akiongea kama mwenyeji, na ndani ya muda mfupi alikuwa na mashangazi ambao mama yake hawafahamu. Ulipotokea mgogoro wa mirathi, upande mmoja ulimdai kama ndugu. Upande wa pili uliacha kuja ibadani. Alilazimika kumwita mchungaji wa usharika mwingine aje kuwapatanisha, na mpaka leo anachagua kwa uangalifu nyumba anazokula. Mimi mgeni kabisa sikuwa na ukoo wa kuelezea.

Sasa msiba. Chuoni tulifundishwa vizuri ibada ya maziko: utaratibu, masomo, mahubiri ya dakika chache, udongo mara tatu. Usiku wa kuamkia maziko hautajwi, na kijiji kinakupima kwa usiku huo. Mtu akifariki, habari inafika kwa bodaboda au kwa mtoto aliyetumwa, na kuanzia hapo watu hawarudi kulala hadi azikwe. Wanaume wanakoka moto nje, wanapanga kaburi, jeneza, usafiri wa ndugu wa mbali. Wanawake wako ndani, wameketi mkekani wakimzunguka mfiwa. Mwinjilisti yupo. Mchungaji anayetokea dakika chache kabla ya ibada akiwa ameshavaa, akazika vizuri, akaondoka, hatalaumiwa na mtu yeyote. Atakuwa tu mchungaji wa ratiba, na shida za kweli hazitafika mlangoni kwake.

Kwangu kulikuwa na swali la ziada: nakaa wapi? Mchungaji mwanamume huwekewa kiti nje na wazee. Msiba wa kwanza na mimi nilitolewa kiti nje, nikakaa, nikawa naona akina mama wakinichungulia mlangoni. Msiba uliofuata niliingia ndani kwanza. Nikavua viatu, nikakaa mkekani miguu nimeikunja, sikufungua Biblia wala kuanzisha wimbo mpaka walipoanzisha wao. Baadaye, usiku ukishakwenda, nikatoka kukaa na wazee motoni kupanga ibada. Ndivyo ninavyofanya sasa, na nimegundua kwamba hili ambalo lilionekana kikwazo ni mlango ambao mume wangu hana. Yeye husikia habari za marehemu kama zinavyosimuliwa nje. Mimi nasikia aliyosema marehemu wiki yake ya mwisho, nani alikuja na nani hakuja, na deni analoliogopa mjane.

Nenda na unga au kuni kama wengine. Toa rambirambi yako na jina liandikwe kwenye daftari, kiasi cha kawaida tu. Ukitoa kikubwa umewaaibisha walionacho kidogo, na msiba unaofuata utatarajiwa vilevile. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukipita, na msimu wa mvua utapita tu, shukuru, pisha kikombe kiende mbele, omba chai. Hakuna atakayekasirika. Watakasirika ukianza kuhubiri dhidi yake usiku ule.

Jambo litakalowatesa ni swali moja la wazee: "Alikuwa hai kanisani?" Yaani, hakuwa chini ya nidhamu, hakuwa anaishi na mwenzi bila ndoa, ahadi yake alikuwa anatoa? Kijana mmoja alikufa ambaye wazee walisema mwili usiingizwe kanisani, mwinjilisti aombe nyumbani, basi. Mama yake alikuwa mita chache kutoka hapo. Mchungaji mgeni hawezi kulivunja baraza usiku wa msiba, na hawezi pia kumwangalia yule mama kesho yake kama hakusema kitu. Niliuliza tu nani alikuwa akimtembelea alipougua. Kimya kirefu. Kisha mzee mmoja, tena katika waliokuwa wakali, akasema alikwenda, na kijana aliomba waombe pamoja, akasema anatamani kurudi kundini. Nikauliza baraza kama toba mbele ya mzee wa kanisa inatosha. Walikubaliana wenyewe kwa Kibena, yule baba yangu mwinjilisti akaninong'oneza, "Wamekubali." Tukamwingiza kanisani.

Lakini sikuacha iwe bahati kila mara. Mwezi ambao hakukuwa na msiba tulilileta suala hilo kwenye baraza na kuandika utaratibu: mgonjwa yeyote, awe chini ya nidhamu au la, atembelewe na mzee wa jumuiya yake, na atakachosema kiripotiwe. Fanyeni hivyo mapema. Usiku wa msiba kila mmoja ni ndugu ya mtu na hakuna anayefikiri sawasawa, mchungaji akiwemo.

Mtakaokuja Njombe jueni pia hili, maana liko ndani ya misiba yetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha asilimia 12.7 ya watu wazima wa mkoa huu wanaishi na VVU, wakati kwa Tanzania nzima ni asilimia 4.4. Kwenye darasa la kipaimara utakuta safu nzima ya watoto ambao anayekuja kwenye kikao cha wazazi ni bibi. Sababu ya kifo haitatajwa. Usiiulize, usiihubiri, wala usiikisie hata kwa mwenzi wako. Jua siku ya kliniki ya zahanati ili usiweke semina siku hiyo, kwa sababu mtu hataweza kukueleza kwa nini hakuja. Na ukitangaza maombi ya kufunga, sema palepale madhabahuni, bila kumlenga mtu, kwamba anayetumia dawa za aina yoyote aendelee kula na kunywa dawa zake kama alivyoelekezwa hospitali. Niliposema hivyo mara ya kwanza, watu wawili walinifuata kwa nyakati tofauti kunishukuru, na hakuna aliyesema anaumwa nini.

Fedha. Mshahara wako unatokana na sadaka, na sadaka ya kijijini inafuata shamba. Baada ya mavuno, Julai hadi Septemba hivi, kuna kicheko. Kuanzia Novemba hela yote imeingia kwenye mbegu na mbolea, na hapo ndipo mhazini ataanza kukukwepa. Fungu la dayosisi linakwenda kwanza, wainjilisti hawawezi kukosa, wewe unabaki mwisho. Sisi tulifika mikono mitupu kwa sababu ya sherehe ya kubarikiwa: majoho, sare za ndugu, Coaster mbili za wageni, chakula cha watu ambao wengine hatukuwajua. Nawaambia wote wanaonipigia, msikope kwa ajili ya siku ile. Ndugu watasherehekea, watarudi kwao, na Februari mtakuwa peke yenu.

Nunueni mahindi ya mwaka mzima Julai, yakiwa rahisi. Ombeni kipande cha shamba la usharika mlime viazi. Kulima kunawapa chakula na kunawapa pia mazungumzo, kwa sababu mtu ambaye hana la kumwambia mchungaji atakuwa na la kumwambia mwenye viazi vilivyopigwa na ukungu. Zawadi pokeeni kwa mikono miwili, kuku, debe la viazi, kikapu cha parachichi, na muandike kwenye daftari nani ameleta nini ili mwenye kuku mmoja asisahauliwe mbele ya mwenye gunia. Msikope kwa mshirika, hata sukari dukani. Na namba yako ya simu isiwe mahali pa kutumia sadaka. Hili lilianza kwangu kwa wema tu, vijana walioko Dar wakitaka kutuma ahadi zao, na nikashtuka hela ya kanisa na ya unga wa mtoto ziko kwenye laini moja. Tulisajili namba ya usharika, ipo kwa mhazini, na taarifa husomwa kwa baraza kila mwezi. Msisubiri kuulizwa.

Mke na mume wachungaji wana tatizo lao jingine ambalo sikulitegemea. Watu wangu wakikwazika na mimi walikuwa wanampigia simu yeye. "Mchungaji, mwambie mama aangalie kwaya ya vijana." Mwanzoni alikuwa ananiletea kwa nia njema, tukiwa tunakula, na chakula kinaingia mchanga. Tulikubaliana kwamba hakuna anayepokea lalamiko la usharika wa mwenzake, jibu ni moja, "Namba yake unayo." Ilichukua muda, wengine walimwona ana kiburi, lakini simu zilikoma. Vilevile mtafute kila mmoja mtu wa kumlilia ambaye si mwenzi wako. Mimi nina mchungaji mwenzangu wa kike katika jimbo jirani. KKKT ilifungua mlango wa wanawake kubarikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila dayosisi ikaingia kwa wakati wake, na yeye alipita njia hii kabla yangu. Huwa napanda kilimani nyuma ya kanisa panapopatikana mtandao, namwambia yote, ananicheka kidogo, nashuka.

Nimeulizwa sana na wadada kama washarika wanatupokea sisi wachungaji wanawake. Wananipokea. Ila kuna mzee mmoja katika mtaa wa juu ambaye tangu nimefika hajala Meza ya Bwana kutoka mkononi mwangu. Anakuja ibadani, anakaa benchi la pili, anaimba besi nzuri, na watu wakisimama kuja mbele yeye anabaki ameketi. Mume wangu akija kunisaidia, anakuja. Mwaka wa kwanza nilitaka kulimaliza, nikaandaa hata hoja za Maandiko. Mwinjilisti aliniambia niache. Niliacha. Mke wake alipougua nilikwenda kulala pale, na wakati wa kuvuna viazi hunitumia gunia, lumbesa kabisa, analibeba mwanawe kwa pikipiki. Kwenye benchi bado anabaki. Nami kila mara nahesabu mikate pamoja na yeye, na siku mume wangu anapopangwa kuja mtaa ule namjulisha mzee mapema ili ajiandae.